Chumvi Chini ya Kitanda

Nilifua shuka za hospitali kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo mtu asije akanieleza maji ni nini. Nimefua damu, nimefua iodini, nimefua mambo ambayo wauguzi wenyewe waliyafumbia macho wakanisukumia kwenye toroli. Kule waliniita Mama Povu. Nimestaafu na jina hilo, na viatu vyangu vya mpira, na vyote viwili bado navitumia.

Nyumba yangu iko mashambani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya lami. Aliijenga mume wangu. Kisima alikichimba yeye na ndugu zake wawili kwa sururu, mita kumi na tisa, na nane za mwisho zilikuwa ndani ya mwamba mweupe unaopaka mikono kama chaki. Maji yalipotoka tulipiga vigelegele. Tulipoyachemsha tukanyamaza. Sabuni ilikatika ndani yake kama maziwa yaliyoharibika, maharage yalishinda motoni kutwa nzima yakabaki magumu, na birika jipya lilishika ukoko mweupe kabla mwezi haujaisha. Mume wangu alisema maji ni maji. Mimi nilijua si kweli, lakini wakati ule nilikuwa narudi nyumbani siku za mapumziko tu, na nguo zangu nilizifulia kazini. Yeye aliyaoga zaidi ya miaka ishirini bila kulalamika, ingawa fulana zake zikikauka ungeweza kuziegemeza ukutani zikasimama.

Sasa yeye ametangulia, huu mwaka wa pili, na mimi nimebaki na maji yake.

Wanangu ni wawili. Wa kwanza anauza bima, na kazi hiyo imemharibu macho. Akiona ngazi anaona mguu uliovunjika, akiona jiko anaona nyumba imeteketea. Dada yake ni muuguzi katika kliniki ya presha. Tangu siku aliponipima mwenyewe na mashine yake ikampigia kelele, amepiga marufuku chumvi ndani ya nyumba yangu. Akija kunisalimu anaanzia jikoni, anafungua makopo moja moja na kuyanusa, halafu ndiyo anauliza nimeamkaje. Nampenda, lakini kuna siku nilitamani kumfungia nje.

Siku ya kikao walikuja pamoja, jambo ambalo si la kawaida, na nilijua kuna neno. Wiki ile koili ya hita ilikuwa imeungua kwa mara ya tatu. Bomba la mvua bafuni lilikuwa limeziba matundu yote isipokuwa matatu, nayo yalitema maji kila moja upande wake. Fundi alipolikata bomba la ukutani tulikuta ndani limejaa chokaa ngumu, na tundu lililobaki lisingepitisha hata kidole cha mtoto. Kipande kile cha bomba mwanangu alikuwa amekichukua. Akakiweka juu ya meza ya sebuleni kama mwendesha mashtaka anayeonyesha kisu cha muuaji.

Akasema, "Mama, nyumba hii imekufa. Maji yameiua."

Aliongea kwa muda mrefu na kwa upole, kama anavyoongea na wateja. Alisema ghorofani kwake kuna chumba kimepakwa rangi. Alisema maji ya kule yanatoka laini, lifti inafanya kazi siku nyingi, na nyumba hii anaweza kuifunga ikapumzika. Hakusema kuuza, lakini neno lilikuwa limekaa nyuma ya meno yake na mimi niliona ncha yake. Kisha akatoka nje kwenye gari, akarudi na begi. Begi jipya, jekundu, lenye magurudumu na mpini wa kuvuta, kubwa kuliko lile nililokwenda nalo kwa mume wangu. Akasema ni zawadi.

Nilimwangalia binti yangu. Alikuwa anaangalia sakafu.

Nilishikwa na hasira ambayo haijanishika tangu msimamizi wa zamu alipothubutu kuniambia shuka zangu zina madoa. Mtu amekaa kwake, hajaomba msaada, anapangiwa chumba na kununuliwa begi kama mzigo unaosubiri kusafirishwa. Na sababu yenyewe ni maji. Mimi, nikimbizwe na maji.

"Nipe miezi miwili," nikamwambia. "Siku hiyo mje hapa wote. Tutajaza chupa maji ya bomba langu, tutatia kipande cha sabuni, tutatikisa. Povu lisiposimama, begi hili nitalivuta mwenyewe mpaka kwenye gari lako. Likisimama, habari ya kuhama usiitaje tena mbele yangu mpaka unizike."

Alikubali haraka mno. Kwake yeye nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Akatoa kalamu, akaandika tarehe. Kidogo niingiwe na baridi nilipoiona ile tarehe kwenye karatasi, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Begi lilibaki pembeni mwa sebule na lebo yake ya dukani. Nikawa naanikia soksi juu ya mpini.

Watu wengi hudhani hospitali hufua kwa sabuni nyingi. Hapana. Hospitali hulainisha maji kwanza. Kule kwetu, nyuma ya chumba cha kufulia, kulikuwa na mtungi mrefu wa bluu uliojaa punje ndogo za rangi ya asali. Maji magumu yakiingia juu, punje zinaikamata chokaa, na maji yanatoka laini chini. Baada ya siku kadhaa punje zinashiba, hazitaki tena. Hapo unazipitishia maji ya chumvi kali, polepole, mpaka chokaa iachie na kwenda zake mferejini. Kisha unasuuza kwa maji matupu mpaka chumvi yote itoke, na kazi inaanza upya. Kipimo cha chumvi kilikuwa ulimi. Unakinga tone la maji yanayotoka, unaonja, unatema. Kila Ijumaa kwa miaka thelathini na moja nilionja mimi, kwa sababu mwenzangu wa zamu alivuta sigara na ulimi wake haukuaminika.

Asubuhi baada ya kikao nilimpigia simu Fundi Boila. Huyu ndiye aliyewasha matanuri ya mvuke wa hospitali tangu mimi naanza kazi, na amestaafu mwaka mmoja na mimi. Anaongea kidogo na anacheka kabisa mara mbili kwa mwaka. Nilipomweleza alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema mtungi wetu wa bluu bado uko uani kule, umeegeshwa kwenye vyuma chakavu tangu walipoleta mashine mpya, na yeye anajua barua ya kuuombea inaandikwaje.

Ulifika juu ya gari la kubeba mchanga, Fundi ameukalia, tukausimamisha kibandani nyuma ya nyumba. Punje za zamani zilikuwa zimekauka na kupasuka, tukazimwaga. Mpya tuliagiza mjini kwa akiba yangu. Fundi alikagua kila mkato wa bomba mara mbili. Tulitoa maji kisimani kwa pampu mpaka kwenye tangi la juu, kisha tukagawa njia. Bomba moja lilikwenda moja kwa moja jikoni, na maji yake hatukuyagusa, kwa kunywa na kupikia. Hilo nilisisitiza mimi. Maji yaliyolainishwa kwa mtungi huu hubakiwa na kitu kidogo cha ile chumvi, hata kama ulimi hauioni, na mtu mwenye presha kama mimi hapaswi kuyanywa kila siku. Maharage nikakubali kuyapikia maji ya mvua. Mabomba mengine yote, la bafuni, la hita na la karo la kufulia, yalipita kwenye mtungi.

Ikabaki chumvi. Kilo tano kila baada ya siku nane.

Hapa ndipo nilipokosea, na nasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Ningeweza kumwita binti yangu nikamweleza. Ni msomi, angeelewa. Lakini nilikuwa nimechoka kuelezwa na kuelezea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikawaza, huyu anayenusa makopo, akiona gunia la chumvi ya mawe kilo hamsini, atapiga kelele kabla sijafungua mdomo. Basi nikamwambia mwenye duka ni ya ng'ombe. Sina ng'ombe. Gunia nikalisukuma chini ya kitanda cha chumba cha wageni, nikashusha shuka mpaka sakafuni.

Siku tuliyofungulia mtungi, Fundi aliondoka jioni na mimi nikaingia kuoga. Nilipaka sabuni, nikasugua, na povu likaja. Lilijaa mikononi, likashuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Niliposuuza, ngozi yangu iliteleza kama ya mtoto mchanga, na sikuhisi ule utando unaonata nilioishi nao. Nililia mle bafuni, sifichi. Nililia kwa sababu mume wangu alichimba mita kumi na tisa na hakuwahi kuoga hivi hata mara moja.

Mwezi ukapita. Birika lilisafishwa kwa siki likabaki safi, kwa sababu chai sasa nilichemsha maji ya mvua. Hita mpya haikutoa mlio wowote. Shuka zangu zilirudi kuwa nyeupe, nikawa nazianika upande wa barabarani makusudi, wapita njia wazione.

Siku tatu kabla ya tarehe, binti yangu akaja. Alisema amechukua likizo kunisaidia kujiandaa. Sikumuuliza kujiandaa kwa lipi. Ana mikono ya kazi yule mtoto, hilo amelitoa kwangu. Alifua mapazia yote, mablanketi yote, foronya, vitambaa vya meza, hata mazulia ya mlangoni. Bomba la karo lilikuwa wazi kutwa, siku mbili mfululizo. Nilimwacha. Nilidhani anafurahia povu. Kumbe alikuwa anafua ili vitu viingie kwenye maboksi vikiwa safi. Na mimi, dobi mzima, sikupiga hesabu kwamba punje zangu zimekula chokaa ya wiki mbili kwa siku mbili.

Asubuhi ya tarehe yenyewe niliamka mapema kuosha mtungi kwa chumvi, maana siku nane zilikuwa zimetimia. Niliinama chini ya kitanda. Hakukuwa na gunia. Kulikuwa na punje chache za chumvi sakafuni na alama ya kitu kilichoburutwa mpaka mlangoni.

Nilikaa chini pale pale, mgongo kwenye kitanda. Nilitafuta chumba hadi chumba, nikatafuta kibandani, nikamuuliza binti yangu kama ameona kitu chochote kimehamishwa. Akasema hapana, akinigeuzia mgongo, anakunja blanketi. Nilikuwa bado sijaamua nifanye nini niliposikia gari la kaka yake likiingia uani. Ilikuwa saa nne kamili. Fundi Boila naye alikuwa ameshafika, kavaa shati lake la kanisani, kakaa kwenye kiti cha mwisho kama shahidi.

Sikuahirisha. Nilijua kinachokuja, lakini nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba punje zimebakiwa na nguvu kidogo. Nilikinga maji bafuni kwenye chupa ya kwanza. Ya pili nilitia maji ya mvua, yawe mfano. Nikakata vipande viwili vya sabuni, kila kimoja ukubwa wa punje ya haragwe, nikatikisa mara thelathini mbele yao. Chupa ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni. Yangu ilitoa mapovu machache, yakapasuka, na maji yakabaki na ule utando wa kijivu ninaoujua vizuri kuliko uso wangu.

Mwanangu hakucheka. Afadhali angecheka, ningepata pa kumshika. Aliinuka taratibu, akaondoa soksi zangu kwenye mpini wa begi moja moja, akazikunja, akalisogeza begi mpaka miguuni pangu.

"Ulisema mwenyewe, Mama," akasema.

Nililiangalia lile begi. Nikawaza kile chumba kilichopakwa rangi, na mimi nimekaa ndani yake naambiwa nisiguse bomba. Hapana.

"Nani amechukua chumvi yangu?" nikauliza.

Mwanangu akauliza chumvi gani. Fundi Boila aliangalia dari. Binti yangu akaweka blanketi chini na akaanza kutetemeka midomo, kama alivyofanya alipokuwa na miaka saba na amevunja kitu.

"Mimi," akasema. "Nimeikuta chini ya kitanda, Mama. Kilo thelathini. Umeificha. Presha yako ile, na unalala juu ya gunia la chumvi. Nimeipakia kwenye gari langu tangu juzi, sikujua nikuambie nini. Nilidhani umeamua kumfuata Baba."

Nilikuwa na maneno makali tayari, yamepangwa kama shuka kabatini, na yote yalinitoka akilini. Mtoto alikuwa amekaa siku mbili na wazo hilo kichwani, anafua mapazia.

Nilimshika mkono, nikampeleka kibandani nyuma ya nyumba, wale wengine wakifuata. Nikamwonyesha mtungi, nikamfungulia kifuniko akaona punje. Nikamweleza chokaa inavyoingia, chumvi inavyoitoa, na vyote viwili vinavyokwenda mferejini. Nikamwonyesha bomba la jikoni lilivyozungushwa lisipite humo, na kwa nini. Fundi Boila, ambaye hajawahi kuulizwa akajibu zaidi ya maneno matatu, aliongeza, "Hilo la jikoni mama yako alinisumbua nalo siku nzima." Binti yangu alilifuata lile bomba kwa kidole kutoka tangini mpaka ukutani, pole pole. Kisha akaniuliza swali moja tu, la kitaalamu, kiasi gani cha chumvi hubaki kwenye maji ya kuoga. Nikamjibu kwamba sinywi maji ya kuoga.

Kaka yake alikuwa anaangalia saa. Akasema yote hayo ni mazuri lakini jaribio limefanyika, tulikubaliana, na yeye ana safari ya kurudi. Alisema kila mara kutakuwa na sababu, leo chumvi, kesho pampu.

"Tulikubaliana tarehe," nikamwambia. "Hatukukubaliana saa. Nilisema siku hiyo, na siku haijaisha. Kaa chini."

"Mama."

"Kaa chini. Ulikaa tumboni mwangu miezi tisa, saa mbili hazitakushinda."

Fundi Boila akacheka. Hiyo ilikuwa mara moja ya mwaka ule. Mwanangu akatafuta kigoda, akakaa na suti yake kando ya mfereji.

Binti yangu aliendesha gari lake mpaka kibandani, tukatoa gunia. Lilikuwa limenasa kwenye chuma cha buti likachanika ubavuni, na chumvi ikawa inamwagika kila tulipolisogeza. Tulikoroga kilo tano kwenye ndoo mpaka zikayeyuka. Fundi akafunga njia ya nyumba, akafungua ya mferejini, na mimi nikaanza kumimina, kikombe baada ya kikombe. Kazi hii haitaki haraka. Ukimimina kwa pupa chumvi inapita bila kufanya kazi, na mwenye pupa anarudia. Maji yakaanza kutoka chini, meupe kidogo, yakikimbia kwenye mfereji mpaka kwenye shimo tulilochimba mbali na kisima.

Ndoo ilipokwisha tukaanza kusuuza. Nilikinga maji kwenye kijiko kama nilivyofanya miaka yote ile, nikakiinua. Halafu nikampa binti yangu.

"Onja wewe. Mimi nimekatazwa."

Akaonja, akakunja uso, akatema. Bado kali kabisa kwa chumvi, akasema. Tukangoja. Akaonja tena. Kila baada ya dakika kumi alikinga kijiko, na kati ya kijiko na kijiko tulikaa juu ya matofali, mimi na yeye, mabega yakigusana.

Kijiko cha nne au cha tano ndipo aliposema. Alisema kwa sauti ndogo, kaka yake asisikie, ingawa alisikia.

"Si maji, Mama. Baba alianguka pale kisimani akalala chini saa nzima, wewe umekwenda dukani. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa kliniki, kwenye simu, nasikiliza wagonjwa wa watu wengine. Nikifikiria hii nyumba, ndicho ninachokiona."

Mwanangu hakuinua kichwa. Nilielewa kwamba hata kile kipande cha bomba mezani hakikuwa kipande cha bomba. Walikuwa wametafuta kitu kinachoshikika.

Hata mimi naiona ile saa. Naiona nikienda kisimani na naiona nikirudi. Nilikuwa nimenunua kiberiti na mafuta ya taa, vitu viwili, na nikasimama kuongea na mwenye duka habari zisizo na maana. Hilo sijawahi kuwaambia. Niliwaambia pale, juu ya matofali. Binti yangu alinishika goti.

"Baba yenu alikufa hapa," nikasema, sasa kwa sauti ya kuwafikia wote. "Ni kweli. Lakini pia aliishi hapa, miaka ishirini na sita, na kile kisima ni mikono yake. Mkitaka nipigiwe simu kila asubuhi, nipigieni. Mkitaka jirani awe na ufunguo, nitampa leo. Lakini sitakwenda kukaa ghorofani kwa sababu ya kukiogopa kifo. Hata kifo kinajua kupanda lifti."

Maji yalikuwa yanakwenda mferejini. Binti yangu akakinga kijiko, akaonja, akakaa nayo mdomoni muda mrefu, akameza.

"Hakuna chumvi," akasema.

Fundi akafungua njia ya nyumba. Tuliyaacha maji yatoke bafuni mpaka yale ya zamani yaishe kwenye mabomba. Safari hii chupa nilimpa mwanangu aikinge mwenyewe, akate sabuni mwenyewe, atikise mwenyewe, asije akasema kesho kuna mchezo nimecheza. Alitikisa mara thelathini akihesabu. Mara ya kumi povu lilikuwa limefika katikati. Mara ya ishirini hatukuona maji. Aliiweka chupa juu ya ukingo wa karo, akatazama saa yake, na sisi sote tukasimama bafuni tumebanana kutazama chupa ya sabuni. Dakika tano nzima. Povu lilisimama mpaka shingoni, jeupe, halikushuka hata nusu ya kidole.

"Na mwakani?" akauliza.

"Mwakani nitaziosha tena kwa chumvi. Kila baada ya siku nane."

Alifungua mdomo. Dada yake akamwambia, "Kaka, yatosha," na akaufunga.

Ilibaki ile chumvi iliyokuwa inamwagika kibandani. Gunia lilikuwa limechanika mpaka chini, halishikiki tena, na chumvi ya mawe ikikaa wazi inavuta unyevu na kugeuka tope. Fundi alizunguka akitafuta pipa au debe lenye mfuniko. Binti yangu akasema atakwenda dukani. Nikawaambia wangoje, nikaingia sebuleni.

Nilirudi nikilivuta lile begi jekundu juu ya matofali. Nilikata lebo kwa meno, nikafungua zipu, nikalilaza chini wazi. Hakuna aliyenisaidia mwanzoni. Nilichota chumvi kwa bakuli, bakuli la kwanza, la pili, ikawa inagonga kitambaa cha ndani kama changarawe. Kwenye bakuli la tatu mwanangu alivua koti lake la suti, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kuchota kwa mikono miwili. Ilienea yote. Yeye ndiye aliyefunga zipu, akaisukuma mpaka mwisho na kuhakikisha hakuna mahali palipobaki wazi, kama mtu wa bima.

Ni begi zuri, siwezi kulisema vibaya. Linakaa kibandani kando ya mtungi, na magurudumu yake hayajagoma hata siku moja.